Rangi ya Kukataa Harusi

Kwanza niwaambie kitu kimoja kuhusu Goba. Ukiwa na gari jeupe, hilo gari sio lako. Kadi ina jina lako, mafuta unaweka wewe, tairi likipasuka unalia wewe, ila ikifika Jumamosi ni gari la mtaa mzima. Sitanii. Huku kwetu kila wiki kuna harusi, kila harusi ina msafara, na msafara siku hizi lazima magari yafanane, la sivyo eti picha zinaharibika. Na rangi ambayo kila mtu anayo ni nyeupe. Kwa hiyo kamati ya harusi ikikaa kikao hawaulizi tukodi wapi. Wanauliza, "Hapa mtaani nani ana jeupe?"

Mamkubwa wangu, Kokushubila, ninayekaa kwake, alikuwa nalo. Rav4. Jeupe pee.

Mamkubwa ni mwalimu wa darasa la tatu, na mtaa mzima wanamwita Mama Gibson sababu ya mwanae Gibson aliyeko chuo Dodoma. Sasa mshahara wa ualimu mnaujua wenyewe, kwa hiyo kinachomsomesha Gibson kusema ukweli ni kuku. Mamkubwa ana kuku wa mayai nyuma ya nyumba, na mayai karibu yote yanaenda Kawe kwa dada mmoja anaitwa Munira, muoka keki, mtu na oda zake. Munira anataka mayai Jumamosi asubuhi. Sio mchana, sio "nipo njiani dia". Asubuhi, kwa sababu ndo siku anaoka oda zote za wikiendi. Na kutoka Goba na zile trei, kwa ile barabara yetu ya mashimo, huwezi kupakia bodaboda. Kuna mtu alishajaribu, alifika na mayai ya kukoroga.

Kwa hiyo Jumamosi mayai yanataka gari. Na Jumamosi gari liko harusini. Mnaona ishu ilipo?

Halafu kinachouma ni kwamba Mamkubwa hakuipenda hata hiyo nyeupe. Wakati ananunua alitaka bluu. Mjomba Benson, mdogo wake, ndo alimkazania. "Dada, chukua nyeupe. Nyeupe inauzika." Mjomba Benson kila kitu anakiangalia kwa kuuza. Na sio yeye peke yake, nenda yadi yoyote ya magari uwasikilize watu, hakuna anayesema hii rangi nimeipenda, wanasema hii itauzika. Yaani unanunua gari unawaza siku ya kuachana nalo. Ni kama kuoa huku mkeo umeshamtafutia mume mwingine.

Basi. Mwenyekiti wa kamati ni Brightson. Kamati gani? Zote. Sijui nani alimchagua, nahisi alizaliwa na ile notibuku kwapani. Ijumaa jioni utamsikia getini, "Hodi wenyewe! Mama Gibson, tumefuata lile gari letu."

Letu!

Na Mamkubwa anatoa funguo. Anatabasamu kabisa, "Haya shemeji, harusi njema," geti likifungwa anabaki amesimama anaangalia matairi yalipokuwa. Gari linarudi Jumapili jioni. Boneti lina gundi ya maua haitoki hata kwa mafuta ya taa. Chini ya siti kuna pilau. Tenki linasoma sifuri. Kuna siku lilirudi na kiatu kimoja cha kike, cha kushoto, mpaka leo mwenyewe hajajitokeza, sijui alirudije nyumbani.

Hizo Jumamosi mayai yalikuwa yanaenda na bajaji ya kukodi, ikipatikana, na ikifika nusu ya trei ni majonzi. Mwisho Munira akatuma voisi. Mpole yule, anaongeaga taratibu kama anakubembeleza, kumbe anakuchinja: "Mama Gibson, mie nakupenda, wallahi. Lakini keki haiumuki kwa mapenzi. Nikikosa mayai Jumamosi nyingine, namchukua yule kaka wa Kinyerezi, yeye ananiletea mpaka mlangoni. Usinichukulie vibaya, habibty."

Mamkubwa aliisikiliza ile voisi mara ya kwanza amesimama, mara ya pili amekaa.

Sasa we unajiuliza, si amwambie tu Brightson hapana? Ndo na sie tulimwambia. Mama yangu alimwambia, Gibson alipiga simu kutoka Dodoma akamwambia. Anajibu, "Siwezi." Kwa nini huwezi? "Mlikuwepo Kamachumu nyie?"

Kisa chenyewe ni hiki. Baba mkubwa Adelard, mume wa Mamkubwa, alipofariki, mwili ulisafirishwa kwenda kuzikwa kwao Kamachumu, kule Bukoba, na Brightson alijaza watu kwenye gari lake akaendesha mwenyewe safari nzima, macho mekundu, hakuomba hata hela ya chai. Mtaa mzima ulisimama na Mamkubwa. "Mtu aliyenibebea msiba," anasema, "nimnyime gari kisa mayai? Mdomo wangu hauna hiyo hapana."

Ndo akapata lile wazo. Alikuwa anachagua mchele, akasimama ghafla, ungo mkononi.

"Nikibadilisha rangi," akasema, "si hawatalitaka tena? Rangi itanikatalia."

Jamani. Mtu mzima, mwalimu, ameona rahisi kupaka gari zima rangi kuliko kusema neno moja. Lakini ukifikiria vizuri unaona alikuwa na pointi yake, gari lenye rangi ya ajabu hakuna anayeliweka kwenye msafara, na hakuna wa kumlaumu. Akatupia kwenye grupu la ukoo: "Wapendwa, nataka kubadili rangi ya gari. Nishaurini." Sababu hakusema.

Alikosea kuuliza. Grupu ambalo mtu akiumwa anapata pole tatu, siku hiyo liliwaka kama kuna uchaguzi. Mjomba Benson kwa herufi kubwa: "USIGUSE RANGI YA KIWANDANI!! GARI IKIPAKWA UPYA MNUNUZI ANAJUA ILIPIGA MZINGA." Mtu akasema nyeusi, akajibiwa Goba hii yenye vumbi hili? Utafuta mpaka mikono iote sugu, halafu nyeusi ndo maharusi wanaililia, wanaweka maua meupe juu. Rogers, binamu yetu, akasema nyekundu. Nyekundu ni Simba! Haya, kijani? Yanga. Njano? Yanga tena. Mamkubwa mpira haujui hata kidogo, anajua tu kwamba timu ikifungwa watu wanazomeana, na wateja wa mayai anao wa pande zote mbili. Silva? Silva kila mtu anayo, kamati ikikosa nyeupe inahamia silva. Zambarau, mama yangu akasema hiyo ni rangi ya Kwaresma, utaendesha toba mwaka mzima. Rogers akarudi na pinki. Akaambiwa atoke kwenye grupu.

Mamkubwa akazima data, akatoka nje, akachota udongo wa uani kwetu, ule mwekundu-kahawia unaoganda kwenye viatu, akauweka kwenye mfuko wa rambo. Kesho yake akaenda nao Temeke, mbali kabisa, ili mtu wa Goba asijue. Nilikwenda naye.

Kule Tandika kuna fundi rangi anaitwa Fakihi, mzee wa makamo, kibaraghashia kimerukiwa rangi zote za dunia. Mamkubwa akamfungulia mfuko.

"Fundi, nataka rangi hii."

Fakihi akachungulia. "Mama, huu mchanga."

"Udongo wa Goba."

"Watu wananiletea magari niyatoe udongo, wewe unataka nikupake?"

"Eeh."

"Gari limegongwa?"

"Halijagongwa."

"Umeliiba?"

"Fundi!"

"Usikasirike mama yangu, na trafiki watakuuliza vilevile. Ukibadili rangi na kadi ibadilishwe. Sasa niambie, unataka lionekaneje?"

"Nataka lisimvutie mtu."

"Lisimvutie nani?"

"Mtu yeyote."

Fakihi akavua kibaraghashia, akajikuna, akakivaa. "Mie nimeshaambiwa hapa lifanane na la bosi, lifanane na kucha za mke, kuna mmoja alitaka lifanane na jogoo wake. La kumchukiza mtu ndo naliona leo." Ila akakubali. Akachanganya, akapaka kwenye kibati, akaweka pembeni ya udongo, akaongeza tone, akakausha, akachanganya tena, mpaka ukafika mahali huwezi kujua udongo uko wapi na bati liko wapi. Mamkubwa kafurahi mpaka basi. Halafu Fakihi akasema juu yake lazima apige ile ya kung'arisha.

"Lising'ae fundi."

"Bila hiyo jua linaila. Mwezi mmoja tu utakuja kunitukana."

Mamkubwa akamwachia. Hapo ndo palipoharibika, ila hatukujua.

Gari lilivyorudi, mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Mjomba Benson alituma emoji za kulia, mstari mzima. Majirani wakauliza, "Mama Gibson, mbona hivi?" na yeye akajibu, "Vumbi, mwenzangu. Sasa hata likichafuka halionekani." Wote wakatikisa vichwa, sababu inaeleweka, barabara wanaijua. Na Ijumaa ilipofika, hodi hakuna. Brightson alipita nje, akaliangalia, akapunguza mwendo, akaenda zake kwa watu wenye jeupe. Mamkubwa alijifungia jikoni akacheka peke yake. Kesho yake asubuhi mayai yalikuwa Kawe hata Munira hajafungua mlango. Ikawa hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Munira akaanza kumwita "mama wa saa". Gibson akalipiwa ada. Raha!

Kumbe mambo yanaiva kwingine.

Mtaa wa pili kuna Mama Eufrazia, anauza vitambaa vya sherehe, na binti yake Tusajigwe alikuwa anaolewa. Mnajua harusi zina rangi zake, na kila msimu kuna rangi inayowaingia watu kama mafua, wote wanaitaka. Msimu huu ni tofali. Tofali na maziwa. Kadi za tofali, mashati ya tofali, vitambaa vya viti tofali, keki tofali. Siku moja mama huyo na wenzake wametoka sala za jumuiya, wanapita getini kwetu, Mama Eufrazia akasimama katikati ya sentensi. Jua la asubuhi limelipiga gari, na ule mng'ao wa Fakihi unawaka kama tofali limetoka tanuruni sasa hivi.

"Mama Gibson," akasema. "Mungu wangu. Mama Gibson!"

Akaingia bila kukaribishwa. Akafungua pochi, akatoa kipande cha satini, sampo ya harusi ya Tusajigwe, akakilaza juu ya boneti.

Kitambaa kikapotea. Nakwambia kikapotea! Mamkubwa alikitafuta kwa mkono, kama mtu anayepapasa miwani.

Jioni hiyohiyo Brightson akaweka picha ya gari kwenye grupu la kamati. Hajauliza mtu. "GARI LA BIBI HARUSI LIMEPATIKANA, UTUKUFU KWA MUNGU." Makofi thelathini. Vigelegele. Mwingine, "Mama Gibson una maono!" Mamkubwa yumo kwenye hilo grupu kwa sababu alishachanga, kwa hiyo alikuta pongezi zake zinamsubiri, anasahihisha madaftari ya darasa la tatu, kalamu nyekundu imening'inia hewani.

"Yaani nimemlipa fundi," akasema taratibu, "anitafutie cheo."

Kabla lilikuwa linaenda kwenye msafara. Sasa limepandishwa, limekuwa la bibi harusi! Na la bibi harusi linachukuliwa tangu Ijumaa mchana likapambwe. Na ilikuwa Jumamosi ileile ambayo Munira ameshasema mapema ana oda kubwa kuliko zote, mayai yakikosekana, kaka wa Kinyerezi yuko tayari na namba yake iko juu. Mamkubwa usiku ule hata chai hakunywa.

Alhamisi baada ya shule wakaja. Brightson na Mama Eufrazia, wamebeba soda, ndo ujue mambo ni mazito.

"Mama Gibson, sie tumekuja kushukuru tu," Brightson akaanza.

"Mnashukuru nini shemeji?"

"Gari."

"Sijatoa gari."

Wakacheka wote wawili. Walidhani utani! Mama Eufrazia akampiga paja, "We mwanamke una vituko. Tusajigwe ameliona lile gari kalia machozi."

"Mpe kitambaa," akasema Mamkubwa. "Si unauza?"

Hapo wakaacha kucheka.

"Rangi ile Dar nzima haipo," Brightson akasema.

"Ndo nilivyotaka."

"Sasa?"

"Sasa Jumamosi naenda Kawe na mayai."

"Mayai," Brightson akarudia, kama neno hajawahi kulisikia. "Mama Gibson, mtoto wetu anaolewa mara moja, we unatuambia mayai?"

"Mayai."

Brightson akaweka soda chini. Akakunja mikono, akainamisha kichwa, nikajua linakuja. "Mie sijawahi kulisema hili, na sipendi kulisema. Lakini kule Kamachumu..."

Mamkubwa akafumba macho. Nikasema basi, limekwisha, anasimama kuchukua funguo. Na akasimama kweli. Akaenda mpaka kwenye kabati la vyombo, ambako funguo zinakaa, akaziangalia, akarudi mikono mitupu.

"Shemeji, kule Kamachumu nani aliendesha?"

"Si mimi."

"Hukumpa mtu funguo ukabaki nyumbani?"

"Niwape gari langu? Njia yote ile?"

"Ehee. Ulikuja mwenyewe, na gari lako, na usingizi wako. Nakushukuru mpaka nakufa. Na siku ukifikwa na wewe nitakuja, usukani nimeshika mwenyewe."

"Unaniombea msiba?"

"Nakwambia tu ulivyonitendea. Ila gari kuondoka hapa bila mimi, kila wiki, mwanangu anakosa ada? Hapana."

"Hapana gani?" Mama Eufrazia akauliza. Yaani hakuelewa, nilimwona kabisa.

"Ile ya kawaida."

Kuku wanasikika nyuma. Mama Eufrazia akapata hasira, "Sasa kama hutaki harusi, rangi ya harusi ulipaka ya nini?"

Na hapo Mamkubwa akapasuka. "Nilipaka ili msilitake! Nimeenda mpaka Temeke na udongo kwenye mfuko! Nimehangaika na kadi, Benson haongei na mimi, wanafunzi wananiita Mwalimu Tofali, yote ili nyie mpite pale getini mwende zenu!"

Brightson akamtazama. Sio kwa hasira hata, kwa kushangaa.

"Mama Gibson," akasema, "si ungesema tu?"

Si ungesema tu! Mimi nilitaka kurusha ile soda. Mwaka mzima mtu anakuja kubeba gari anaita letu, halafu si ungesema tu! Lakini ubaya wake ni kwamba alikuwa anamaanisha. Mamkubwa akakaa, akashika kichwa, akasema "waitu" mara moja, kile Kihaya kinachomtoka akielemewa, kwa sauti ndogo.

Sasa msidhani ilipita bure. Tusajigwe alipanda jeupe la shemeji yake, na Mama Eufrazia kwenye jumuiya anamsalimia Mamkubwa kwa ncha za vidole. Kule kwenye grupu picha ilifutwa, na makofi yake yote. Mjomba Benson alivyosikia akapiga simu kwa mara ya kwanza tangu gari lipakwe, akasema bora angebaki na nyeupe, Mamkubwa akamwambia hapana na yeye, wakati hakuwa ameombwa kitu. Alishaanza kunogewa.

Jumamosi tukaenda Kawe, trei zimejaa mpaka kwenye siti ya mbele, mimi nimepakata mbili. Munira akatufungulia, unga mpaka kwenye nyusi, akayapokea, akayashika moja moja. Halafu akajifuta mikono na kanga, akasema kwa ile sauti yake ya kubembeleza, "Mama Gibson, Jumamosi ijayo kuna harusi Mbezi..."

"Hapana!" akasema Mamkubwa.

"Sijamaliza."

"Hata usimalize! Gari langu haliendi harusini. Sio la maua, sio la bibi harusi, sio la keki, sio la kubeba mashangazi. Nimeshagombana na mtaa mzima, wewe nakuheshimu Munira, na najua unaweza kuchukua kwa yule wa Kinyerezi, mchukue, lakini funguo sitoi!"

Munira alikuwa ameegemea mlango, ametulia tu.

"Ushamaliza?"

"Nimemaliza."

"Nilikuwa nataka kukwambia uniongezee trei, keki ni kubwa." Akaliangalia gari, juu mpaka chini. "Hilo litofali lako nilipeleke wapi mie?"